Ustadh, Kwa Nini Unaswali Kwenye Kiti?



Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa nane mwaka 2023, katika madrasa yetu hapa Biryogo, mtaa wa zamani wa Waislamu mjini Kigali. Darasa lilikuwa la watoto wa miaka tisa mpaka kumi na mbili, na somo lilikuwa nguzo za Swalah. Tukafika kwenye nguzo ya kusimama. Tukaeleza kama ilivyo vitabuni, kwamba katika Swalah ya faradhi ni lazima kusimama kwa mwenye uwezo, na asiyeweza ataswali kwa kukaa. Mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono.

"Ustadh, na wewe kwa nini unaswali kwenye kiti?"

Tukamjibu kuwa magoti yanauma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bibi yangu ana miaka sabini na mbili na magoti yanamuuma pia. Lakini yeye anasimama."

Hakuwa na utovu wowote wa adabu. Alitaka kuelewa mpaka wa hilo neno "mwenye uwezo" uko wapi, na ni sisi wenyewe tuliomfundisha aulize asipoelewa. Wenzake hawakucheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Tukisema "sisi" katika makala haya tunakusudia walimu watatu wa madrasa moja: wa hifdhi, wa fiqhi, na wa wadogo wanaoanza alifu. Aliyeulizwa ni mmoja wetu, na anayeandika mistari hii anayajua maumivu ya swali lile vizuri kuliko angependa. Lakini wote watatu tulikuwa mahali pamoja. Mmoja alikuwa na kiti chake msikitini. Wa pili hakuweza kuvaa soksi bila kubana pumzi. Wa tatu, mwalimu wa hifdhi, akisoma aya ndefu pumzi humkatikia katikati, na wanafunzi wake walikuwa wameshajifunza kukata palepale wakidhani ndipo mahali pa waqfu. Mzazi mmoja aliyesoma ndiye aliyetutanabahisha. Kuna mambo mwalimu huyafundisha bila kujua kuwa anafundisha.

Hapa tuseme neno moja ili tusije tukamkosea mtu. Mwenye udhuru wa kweli, mgonjwa au mzee aliyezidiwa, asione haya hata kidogo kukaa kwenye kiti, kwani Shari'ah imempa ruhusa hiyo kwa huruma, na hatumsemi yeye. Tunajisema sisi wa miaka arobaini na kitu, ambao udhuru wetu tuliupakua wenyewe sahani baada ya sahani.

Watu hudhani mwalimu wa madrasa anakonda kwa njaa. Mshahara ni mdogo kweli, lakini chakula hakikosekani. Kuna nikaha, kuna akika, kuna khitma, kuna dua ya mtoto aliyefaulu mtihani, kuna dua ya gari lililonunuliwa. Kote huko Ustadh anaitwa, na ukienda usile mwenye nyumba ataona umemdharau, au vibaya zaidi, ataona una shaka na chakula chake. Basi tunakula. Siku nyingine nyumba mbili kwa mchana mmoja. Saa zinazobaki tunakaa kwenye mkeka tukisikiliza watoto, na tukimaliza tunapanda pikipiki, "moto" kama tunavyoita hapa, kwa mwendo wa robo saa ambao baba zetu waliutembea kila siku.

Na chai. Asiyeijua chai ya Biryogo haijui Biryogo. Siku moja tulihesabu: vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, ni vijiko kumi na vitano, yaani kiasi cha gramu 60. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke kama gramu 50 kwa siku kwa sukari zote za kuongezwa, na ikiwezekana ashuke mpaka 25. Hapo hatujatia soda wala andazi.

Hadithi ya theluthi tatu, ile aliyoipokea At-Tirmidhiy, kwamba likiwa hapana budi basi tumbo ligawanywe kwa chakula, kinywaji na pumzi, tunaisomesha kila mwaka. Tunaisomesha saa nne asubuhi, na saa saba tuko kwenye pilau.

Swali la mtoto yule halikuwa onyo la kwanza. Zamani tulikuwa walimu wanne. Mwenzetu wa nne alianguka darasani mwaka 2022, wakati wa mitihani ya watoto, kiharusi upande wa kulia, na siku ya tatu akarejea kwa Mola wake. Alikuwa na miaka arobaini na saba na watoto watano. Shinikizo la damu alikuwa nalo, na hakupata kulipima, kama sisi tulivyokuwa hatujapata kulipima. Tulimbeba wenyewe kwenda kumzika. Njiani tulipumzika mara mbili, na si kwa uzito wake yeye, Allaah amrehemu, bali kwa pumzi zetu sisi.

Ungedhani hilo lingetosha. Wiki ile ile tulinunua viatu vya mazoezi katika soko la mitumba. Tukaapa: hakuna wali, hakuna ugali, hakuna chapati, na kila alfajiri tutapanda mbio kilima cha Kwa Mutwe. Wasiokijua Kwa Mutwe, ni ile barabara ya mawe inayopanda kwa ghafla kuja Nyamirambo. Watu wa baiskeli wanaiita Ukuta wa Kigali. Mwezi wa tisa mwaka 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yalipofanyika kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika na yakawa hapa kwetu, mabingwa wa dunia nzima waliupanda wakiwa wamekenua meno. Sisi tulitaka kuanzia hapo, na matumbo yetu, tukiwa hatujakimbia tangu ujana. Siku ya nne mmoja alivimba kifundo cha mguu. Siku ya kumi mvua ilinyesha tukabaki vitandani. Siku ya kumi na mbili tulialikwa khitma ya marehemu mwenyewe, na tukala. Viatu vya mmoja wetu alipewa mwanawe.

Tumelifikiria sana jambo hili. Tulimpenda mwenzetu, tulilia, na tuliogopa kweli. Lakini hofu ilitudumu siku kumi na mbili. Ndugu msomaji, kama na wewe umewahi kuanza kwa kishindo ukaacha, usidhani ni kwa sababu hukuwa na azma. Azma tulikuwa nayo tele. Tulichokosa ni utaratibu wa kuishika siku ambayo azma imelala, na siku kama hizo ni nyingi kuliko zile nyingine.

Basi baada ya swali la mtoto hatukuapa chochote. Tulifanya jambo dogo tu, tulikwenda kupimwa. Tangu mwaka 2016 mji wa Kigali una siku ya barabara bila magari, ambayo sasa huwa Jumapili mbili katika mwezi. Njia kuu hufungwa asubuhi, watu hukimbia, hutembea, hupanda baiskeli, na pembeni wahudumu wa afya hupima uzito, sukari na shinikizo la damu bure. Tulikwenda bila kunywa chai. Mmoja wetu mwenye urefu wa mita moja na sabini alikutwa na kilo 104. Sukari yake ilikuwa 117, na kwa kipimo hicho 126 kabla ya kula ndiyo kisukari. Wa hifdhi shinikizo lilikuwa 152 kwa 96, wakampa karatasi aende kituo cha afya bila kuchelewa. Wa wadogo alisema mizani ile ni mbovu. Alikuwa na kilo 111.

Katika waliokuwa wakipima alikuwamo kijana aliyesoma kwetu Juzuu 'Amma, sasa ni mwanafunzi wa uuguzi. Akatuona, akaona haya kidogo, kisha akatukalisha kwenye ukingo wa barabara akatusomesha yeye. Alitueleza juu ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2002. Watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini bado si kisukari waligawanywa mafungu. Waliotakiwa kupunguza kiasi cha asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki, wachache zaidi kati yao walipata kisukari, pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa ya metfomini walipungua kwa asilimia 31. "Ustadh," akasema, "asilimia saba ya uzito wako ni kilo saba na kidogo. Sikuambii uwe kama mimi."

Tukamuuliza na Kwa Mutwe je? Akacheka. "Msipande popote. Nusu saa, siku tano, mwendo ambao mnaweza kuzungumza lakini hamuwezi kuimba kasida." Tambarare Kigali iko wapi, hilo hakutujibu. Tulianza kwenye ile barabara ya Biryogo isiyopita magari, iliyopakwa rangi, tukiinyoosha mpaka mwisho na kurudi, kwenda na kurudi, kama watu wanaosa'i. Wauza chai walituangalia wiki ya kwanza. Wiki ya tatu walituzoea.

Sasa tuseme kilichotushika, kwa sababu wengi hutuuliza wakitaraji kusikia dawa au jani fulani.

Cha kwanza ni Alfajiri. Hatukutafuta wakati mpya wa mazoezi, tulikuwa nao tayari wakati ambao hatuna hiari ya kuukosa. Tulichobadilisha ni viatu. Tunavaa viatu vya kutembelea tunapotoka nyumbani kwenda kuswali, ili tukitoka msikitini tusirudi nyumbani kwanza. Nyumbani kuna kitanda. Mtu anaweza kuona ni jambo la kitoto, lakini siku mmoja wetu aliporudi "dakika moja tu" kubadilisha viatu, hakuonekana tena mpaka saa mbili.

Cha pili ni kungojana. Wawili hawaondoki mlangoni pa msikiti mpaka wa tatu afike, au atume habari kuwa anaumwa. Sio kwamba kila mmoja alikuwa na hamu. Mara nyingi hakuna hata mmoja aliyekuwa na hamu! Lakini kila mmoja aliona haya kuwangojesha wenzake kwenye baridi. Na mazungumzo ya njiani, wallahi, ndiyo yaliyokuwa matamu. Tulimtaja mwenzetu wa nne. Tulipanga mitaala. Mwalimu wa hifdhi alikuwa akirudia juzuu moja kwa siku, na ikafika siku akaimaliza aya ndefu kwa pumzi moja, akasimama katikati ya barabara akatutazama bila kusema kitu.

Ya chakula yalikuwa magumu zaidi, na hapa tulifanya kosa ambalo wanaume wenzetu tunawaomba wasilirudie. Tulirudi majumbani siku ile ya kupimwa tukatoa tangazo: kuanzia leo mafuta yapungue, chapati zisipikwe. Mama watoto wa mmoja wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mafuta nimeyatia mimi. Sahani ya tatu aliipakua nani?"

Hatukuwa na jibu. Tukaacha matangazo. Tukaanza na yaliyo mikononi mwetu wenyewe: kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu, kwa kushuka polepole, nusu kijiko kila wiki mbili, na ulimi haukulalamika sana. Soda tukaacha. Maharage na mboga tukatangulia kupakua sisi wenyewe, kabla ya wali. Kwenye sinia za shughuli tulijifunza mambo ya ujanja mdogo. Kaa na wanaozungumza sana. Kunywa maji kwanza. Kula cha mbele yako, ambayo ni adabu tuliyokuwa tunawafundisha watoto na kuisahau nyama inapokuwa upande wa pili. Na mwenye nyumba, tuligundua, haangalii umekula kiasi gani. Anaangalia kama umekaa, umetia mkono, umemwombea dua.

Wake zetu nao, bila sisi kuwaambia, walianza kutembea baada ya Alasiri, wao kwa wao, na majirani wawili. Kwa kweli wao hawakukatiza hata wiki moja. Tulipowasomea kisa cha bibi 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa), alivyoshindana mbio na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) safarini akamshinda, na baadaye mwili wake ulipoongezeka wakashindana tena akashindwa, naye Mtume akamwambia kuwa hii ni kwa ile ya kwanza, kama alivyopokea Abu Daawuud, mama mmoja akasema kisa hicho amekisikia tangu utoto kwenye mawaidha ya ndoa, na hajamuona bado mume aliyemkaribisha mbio. Mumewe alikuwepo. Tunamhifadhia jina.

Jumatatu na Alkhamisi tulijaribu kufunga, na hilo lilitupa mjadala mrefu. Mwalimu wa hifdhi alisema, je, unafunga kwa ajili ya Allaah au kwa ajili ya tumbo? Hatukutoa fatwa hapa, aliye na suali aulize Maulamaa. Kwetu sisi tulikubaliana kuwa nia iwe ibada, na faida ya mwili ikija ije yenyewe. Haikuja. Magharibi tulikuwa tunafuturu kama watu wa Ramadhaan, na mizani haikusogea.

Ramadhaan yenyewe, ile ya mwaka 2024 iliyoanza mwezi wa tatu, ilituvunja. Baada ya daku na Alfajiri kila mtu alilala. Jioni kulikuwa na uji, sambusa, tambi, chapati, mishikaki, na nyumba za kualikwa hazihesabiki. Mpaka 'Iyd mmoja alikuwa ameongeza kilo tatu na mwingine mbili. Mwalimu wa wadogo hakutuambia kitu. Siku ya kwanza baada ya 'Iyd tulimngoja mlangoni, hakuja. Siku ya pili alitoka kwa mlango wa nyuma. Akawa anapita njia nyingine kwenda madrasa, na tulipokutana ofisini alikuwa anaongea nasi habari za kazi tu, kwa adabu, kama mtu anayedaiwa.

Hilo lilituuma kuliko kilo. Tulikuwa tumeshampoteza mwenzetu mmoja, na huyu wa pili tulikuwa tunampoteza akiwa hai, kwa sababu ya mizani! Tukakaa wiki kadhaa tukidhani atarudi mwenyewe. Mwishowe tulikwenda kwake usiku mmoja baada ya 'Ishaa. Hatukutaja kutembea. Mkewe alileta chai, tukaomba bila sukari, naye akacheka kwa mara ya kwanza. Baadaye ndipo akasema: "Mimi nimeshaharibu. Miezi saba yote nimeiharibu kwa mwezi mmoja."

Yule kijana wetu wa uuguzi alikuwa ametupa jambo la kumwambia. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu cha University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walitoa utafiti wao juu ya watu 96 waliojaribu kujizoesha jambo jipya kila siku. Watu husema siku 21 zinatosha. Hao walikuta kuwa ni kiasi cha siku 66, na kwa mtu na mtu ikatofautiana kuanzia 18 mpaka 254. Na wakakuta kuwa kukosa siku moja hakuharibu mazoea yanayojengeka. Siku moja, atasema mtu, si mwezi mzima. Ni kweli, na mwenzetu alitujibu hivyo hivyo. Lakini mkewe akasema kutoka mlangoni, "Mwanafunzi wako akisahau sura uliyomhifadhisha, unamwambia imeharibika? Si unamwambia rudia?" Na yeye ni mwalimu wa wadogo, kazi yake yote ni kurudia.

Hatujui kama ni maneno hayo au ile chai. Alikuja siku ya tatu, amechelewa, na tulikuwa tunangoja.

Ukisha kurudi utakutana na jambo jingine ambalo hakuna aliyetuonya nalo. Mizani inasimama. Sisi ilisimama karibu miezi mitatu, tukiwa tunatembea vilevile na kula vilevile. Kumbe mwili uliopungua unahitaji chakula kichache kuliko ule wa zamani, na njaa nayo huongezeka, kana kwamba mwili unadai ulichochukuliwa. Wengi huachia hapo wakiona wanaonewa. Sisi tuliongeza dakika, tukafika arobaini na tano, na mara mbili kwa wiki tukaanza kukaa na kunyanyuka kwenye ngazi za msikiti, mara kumi, mara kumi tena. Na mizani tukaiwekea miadi, mara moja tu kwa mwezi, Jumapili ya kwanza. Siku nyingine zote ilikuwa haituhusu.

Vipimo vingine vilikuwa vinasogea hata ile ilipokuwa imesimama. Kanzu iliyokuwa inabana kifuani ikaanza kucheza. Moto tukazisahau, mpaka mwendeshaji mmoja wa pale kona akatuuliza kama tumehama. Na magoti. Kijana alituambia kuwa kila kilo moja mtu anayopungua, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Hatukumwamini mpaka tulipoona wenyewe. Mwanzo mwenye kiti aliweza kusimama rakaa ya kwanza, akakaa zilizobaki. Kisha mbili. Sijda ya chini ikawa ngumu, kushuka kunawezekana lakini kunyanyuka mkono unatafuta pa kushika. Ilikuwa Swalah ya Adhuhuri, mwezi wa kumi na moja mwaka 2024, aliponyanyuka kwenye rakaa ya nne bila kushika chochote, na hapo hakukumbuka tena kilichosomwa. Allaah atusamehe.

Leo huyo ana kilo 90. Sukari yake ilipopimwa mara ya mwisho ilikuwa 98. Wa hifdhi bado anakunywa dawa ya shinikizo, daktari amempunguzia lakini hakumwachisha, nasi tunamwambia kila mtu kuwa dawa haiachwi kwa sababu umetembea mwezi mmoja. Wa wadogo ana 104. Si wembamba hata kidogo, na tukipita mbele ya madrasa nyingine huenda bado wakacheka.

Kiti bado kipo msikitini, mwisho wa safu, na anakikalia mzee mmoja mwenye haki nacho. Mwezi uliopita goti la kushoto liliuma tena, mwenzetu akaomba kingine, akakikalia siku nne. Siku ya tano alisimama. Mtoto yule sasa yuko darasa la juu, anaswali nyuma na wasichana wenzake, na hatujui kama aliwahi kuona lolote kati ya haya. Hajauliza tena.

Kesho ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mwalimu wa wadogo ametutumia ujumbe jioni hii, anasema mizani ile ya barabarani anayo shaka nayo, tupitie kwanza ya duka la dawa.